Kisa cha .375 iliyogoma Mufindi: praima, grisi na ubishi wa mgeni

Majina, kambi, kitalu na mwaka nimeviondoa. Wahusika nitawaita Mgeni (klayenti kutoka Marekani), Bingwa (mwindaji bingwa aliyekuwa na leseni ya kumuongoza), Kijana (mtunza silaha wa kambi) na Mzee (traka, yaani mfuata nyayo, mtu wa Iringa, amekulia kwenye magobore kabla hajaajiriwa). Nimekiandika kwa ajili ya vijana wanaoingia kwenye kazi za kambi za uwindaji huku nyanda za juu kusini, maana habari ya praima (kile kikombe kidogo kwenye kitako cha risasi kinachowasha baruti) wengi wanaisikia juu juu tu, risasi ikigoma wanasema "praima mbovu" basi imeisha hiyo.

Na niseme mapema, huku kwetu kujijazia risasi nyumbani (kuunda risasi mwenyewe kwa ganda, praima, baruti na kichwa) bila kibali ni kosa la jinai, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina utani na hilo. Kisa hiki hakikufundishi kujaza. Kinahusu risasi zilizojazwa kihalali kwao, zikaja huku na mwenyewe, na sisi ndo tunakuwa tumesimama pembeni yake nyati akigeuka.

Mazingira

Mgeni alikuja na bunduki ya bolti (kile chuma chenye mkono unachovuta kufungua na kufunga chemba), .375 H&H Magnum, katriji ya mwaka 1912 ambayo mpaka leo ndo kipimo cha chini kwa nyati, simba na tembo Tanzania. Alikuwa na risasi 60, zote kajaza mwenyewe, kichwa cha grini 300 (kama gramu 19), zimepangwa vizuri kwenye maboksi ya plastiki na kila boksi lina lebo. Chini ya zile kilo 5 ambazo ndege zinaruhusu, makaratasi yote safi. Kwa macho ni mtu makini, na kweli alikuwa makini, hilo nisimnyime.

Anatoka jimbo la kusini kwao, joto. Risasi alizijaza na kuzijaribu kiangazi. Safari yenyewe ilikuwa Julai, na kabla ya kushuka kitaluni walilala siku mbili kwenye shamba la mwenyeji mmoja Mufindi ili mgeni apumzike na bunduki ipigwe shabaha kwa utulivu kwenye kingo la udongo. Anayeijua Mufindi ya Julai nisimweleze. Ukungu unakaa mpaka saa tatu, na mabondeni majani ya chai yanaungua kwa jalidi. Bunduki ililala kwenye stoo ya silaha isiyo na moto wowote, asubuhi ikapakiwa nyuma ya Land Cruiser iliyo wazi, kwa hiyo mpaka inafika kwenye kingo chuma chote pamoja na risasi vilikuwa vimepoa hadi ndani.

Asubuhi ya kwanza

Risasi ya kwanza ikatoka vizuri. Ya pili ikasema "tak" tu. Mgeni akaanza kupeleka mkono kwenye bolti, Bingwa akamshika bega, akamwambia asiguse, mtutu ubaki unaangalia kingo. Wakakaa hivyo dakika nzima. Utaratibu unaofundishwa kwa kawaida ni sekunde 30 au zaidi, yeye hukaa dakika, na ana haki, kwa sababu risasi iliyochelewa kuwaka ukiitoa kwenye chemba ikalipuka nje haina tena kitu cha kuizuia, ganda linapasuka na vipande vinakuja usoni kwako.

Walipofungua wakaona praima ina kialama kidogo, pini (kile kichuma cha ndani ya bolti kinachogonga praima) imeigusa lakini haikuzama. Bingwa akaamua irudishwe chemba ipigwe tena. Ikawaka.

Ya tatu ndo ikaleta mambo. Pini ikapiga, ikapita nukta moja hivi, sikio linaisikia kabisa, halafu ndo mlio. Tak... paa. Mgeni alikuwa ameshaanza kulegeza bega, risasi ikaenda kwenye nyasi chini ya bango. Mzee alikuwa amesimama nyuma, akacheka kidogo, "Hiyo ni gobore hiyo, mwanangu, fataki imewaka baruti bado inafikiria." Ya nne na ya tano zikatoka, ila kile kimashine cha kupima mwendo alichokuja nacho Mgeni kikaonyesha tofauti ya zaidi ya futi 100 kwa sekunde kati ya risasi na risasi. Kwa risasi zilizojazwa na mtu anayepima baruti kwa mizani hiyo ni kubwa mno.

Hapo Bingwa akafunga zoezi.

Mezani

Mgeni akatoa hukumu palepale: boksi la praima lilikuwa bovu, kiwanda kimemuuzia takataka. Kijana na yeye akakubali haraka, si unajua bosi akisema. Aliyekataa ni Mzee, tena kwa adabu, akamwambia Bingwa kwa Kiswahili kwamba hayo ni magonjwa mawili, ile iliyogoma kabisa na ile iliyochelewa si ndugu, waangalie bunduki kwanza kabla ya kusema risasi.

Wakaanza na bolti. Kijana akaifungua juu ya gazeti na ndani ikakutwa grisi nzito ya rangi ya kahawia, imejaa kwenye spring ya pini, kwa ile baridi imekuwa ngumu hata ukiigusa kwa kucha inatoka vipande. Mgeni aliipaka mwenyewe kwa sababu kwao unyevu unaleta kutu. Pini ikipita kwenye tope la namna hiyo inafika kwenye praima ikiwa imeshachoka. Wakaiosha kwa petroli, wakaifuta, wakaikausha, wakaacha filamu nyembamba ya mafuta mepesi basi.

Kisha risasi. Hapa kuna kitu kizuri ambacho kila kambi inaweza kukifanya bila kifaa cha hela. Walichukua kioo cha meza ya sebuleni, wakakifuta, wakasimamisha risasi moja moja kwa kitako. Praima ikiwa imekaa sawasawa inakuwa imezama kidogo ndani ya usawa wa kitako cha ganda, kama inchi 0.003 hadi 0.005 hivi, kwa hiyo risasi inasimama imara. Ikiwa imechomoza hata kidogo, risasi inacheza. Kijana akawa anazigusa kwa kidole juu kabisa kwenye ncha, na kwenye 55 zilizobaki, sita zikacheza, unasikia kabisa kioo kinalia tik tik tik. Wakapitisha kidole kwenye kitako, ukipapasa unakuta kimgongo.

Mgeni akauliza kama hawana kifaa cha kuzisukuma zizame. Bingwa akakataa katakata na hapo alikuwa sahihi asilimia mia, praima iliyo kwenye ganda lenye baruti na kichwa haisukumwi na kitu chochote, si vaisi, si nyundo, si "taratibu tu". Zile sita zikawekwa kwenye mkebe wake, zikaandikwa hazitumiki.

Asubuhi iliyofuata, baridi ileile, bolti safi, risasi zilizopita mtihani wa kioo. Wakapiga sita. Hakuna iliyogoma. Lakini moja ikachelewa tena, tak, paa.

Ndo Mgeni akaenda kuleta daftari lake. Na jibu lilikuwa humo muda wote: baruti ya punje za duara, na praima za kawaida, zile kubwa za bunduki. Resipi aliyoitumia mwanzo ilikuwa na praima za magnum, zenye mwali mkali zaidi. Ila ule uhaba wa praima ulioanza Marekani 2020, watu wakawa wanapanga foleni madukani na kununua chochote kinachopatikana, ulimkuta boksi la magnum limeisha, akaweka za kawaida, akajaribu kiangazi, zikapiga vizuri, akasonga mbele.

Walivyoamua na kwa nini

Njia zilikuwa tatu. Kuacha risasi zote na kutumia bunduki ya kambi yenye risasi za kiwandani. Kutafuta risasi za kiwandani za .375 kwa muuzaji mwenye leseni, jambo ambalo lina vibali vyake na lingekula siku za safari. Au kushuka nazo hivyohivyo, kwa hoja ya Mgeni kwamba kitaluni kuna joto, ikifika saa nne jua limewaka, tatizo limejifuta lenyewe.

Bingwa akagawa. Nyati: bunduki ya kambi, hakuna mjadala. Wanyama wengine: Mgeni atumie yake, zile zilizosimama kwenye kioo, bolti ibaki kavu. Sababu yake naielewa, mgeni kasafiri na bunduki yake miaka kaiota, kalipa hela nyingi, ukimnyang'anya yote siku ya pili unakuwa na safari ya huzuni, na kwenye biashara hii mgeni mwenye huzuni anaongea akirudi kwao. Kwa nyati alikuwa sahihi. Kwa hao wengine mimi siafiki, na nitasema kwa nini.

Porini

Siku za mwanzo kila kitu kikamkubalia Mgeni. Swala mchana, kongoni saa kumi jioni, risasi safi, pigo safi, jioni kwenye moto anamwambia Bingwa "umeona?". Nyati akapigwa kwa bunduki ya kambi bila kisa.

Siku ya pofu walitoka usiku usiku, gari wazi, upepo wa alfajiri. Baridi ya kule si ya Mufindi, lakini Julai alfajiri mtu anavaa koti zito na kofia ya sufu. Wakampata dume kwenye ukingo wa miombo kabla jua halijapasha, mita kama 120, Mgeni kwenye vijiti vya kuegemeza. Pini ikapiga. Bingwa anasema alisikia ule mwanya mdogo kati ya pini na mlio, Mgeni anasema hakusikia kitu. Pofu alikuwa anatembea, na kwa kule kuchelewa risasi ikaingia nyuma, tumboni. Wakamfuata kutwa nzima, Mzee akiwa mbele, damu chache na majani yaliyokunjwa, alasiri wakamkuta kasimama kwenye kichaka, akamalizwa kwa bunduki ya kambi.

Kiidadi safari ilifanikiwa, mnyama alipatikana. Ila mnyama kuteseka kutwa nzima si mafanikio kwa kipimo cha mtu yeyote aliyeko kwenye kazi hii, na kama wasingempata bado angehesabika kwenye leseni kwa sababu aliyejeruhiwa anahesabiwa kama aliyepigwa.

Uchambuzi: kwa nini ni magonjwa mawili

Praima ni kikombe kidogo cha chuma, ndani kuna dawa ya kulipuka na kichuma chenye miguu kinachoitwa anvili. Pini ikigonga kikombe, dawa inabanwa kati ya kikombe na anvili, inawaka, mwali unapita kwenye tundu kwenda kwenye baruti. Ili ibanwe vizuri, miguu ya anvili lazima iwe imekaa chini kabisa kwenye shimo la ganda. Praima ikiwa juu, pigo la kwanza linatumika kuisukuma ikae, nguvu yote imeishia hapo, haiwaki. Ukipiga mara ya pili tayari imekaa, inawaka. Kwa hiyo risasi inayogoma kwanza kisha ikawaka pigo la pili inakuelekeza kwenye praima iliyochomoza au pini dhaifu. Mufindi ilikuwa na vyote viwili, na kwa bahati mbaya vilikuwa vinasaidiana.

Inayochelewa ni habari nyingine. Hapo praima imewaka, tatizo ni baruti kuupokea moto. Baruti za punje za duara zina mipako ya kupunguza kasi ya kuungua na zinajipanga kwa kubanana, mwali haupiti kirahisi katikati kama kwenye zile za vijiti. Ganda la .375 ni kubwa, lina baruti nyingi. Ongeza baridi, kila kitu kinakuwa kizito zaidi kuwaka. Praima za magnum ziliwekwa sokoni kwa kazi hiyo, zina mwali wa moto zaidi na unaodumu zaidi. Ile Federal 215 inasemwa ilizaliwa kwa ajili ya .378 Weatherby, ganda linalobeba baruti nyingi kupita kiasi.

Sasa watu wanateleza hapa: wanadhani neno Magnum kwenye jina la katriji ndo linaamua praima. Hapana. Kuna .375 H&H nyingi zinazojazwa kwa baruti ya vijiti na praima ya kawaida na zinawaka Alaska bila shida. Kinachoamua ni aina ya baruti, wingi wake, na baridi itakayokutana nayo. Mgeni alibadilisha praima akaacha baruti ileile, akaijaribu kwenye joto peke yake. Jaribio la kiangazi halikumdanganya, lilimjibu swali la kiangazi.

Na kinyume chake ni hatari zaidi. Kijana aliuliza swali zuri, kwa nini basi mtu asiweke magnum kila mahali ashinde? Kwa sababu praima kali inapandisha presha. Ukichukua mzigo (kiasi cha baruti kwenye ganda) uliokuwa ukingoni na praima ya kawaida ukaipachika magnum, halafu ukashuka nao Oktoba bonde la Ruaha ambako risasi iliyoachwa kwenye dashibodi haishikiki, unaweza kufika pabaya. Bolti inagoma kuinuka, praima inatoboka na masizi meusi yanaizunguka. Praima iliyobonyea kuwa bapa peke yake si ushahidi wa kutosha maana nyingine ni laini tu kwa asili, ila ikiambatana na bolti ngumu, acha kupiga. Ndo maana anayejaza akibadilisha chochote kwenye resipi, hata chapa ya praima tu, kanuni ni kushusha baruti na kupanda upya hatua kwa hatua.

Kuna la ugumu wa kikombe pia. Wajazaji wengi wanakubaliana Federal ni laini, zinawaka kirahisi, na CCI ni ngumu zaidi. Bunduki yenye spring iliyochoka inaweza kupenda za kwanza na kugomea za pili, bila kosa la kiwanda chochote. Na kosa la kijinga kabisa: praima kubwa ya bastola na praima kubwa ya bunduki zina upana uleule wa inchi 0.210, ya bastola ni fupi na kikombe chake chembamba. Inaingia vizuri tu kwenye shimo, na kwa presha ya bunduki inaweza kutoboka.

Kilichofanya kazi na kilichoharibika

Mkono wa Bingwa begani kwa Mgeni ile asubuhi ya kwanza ndo uamuzi bora wa kisa chote, na ulichukua sekunde moja. Kuanza na bolti kabla ya kulaumu risasi, vizuri sana, tena kwa sababu Mzee alisikilizwa ingawa si yeye mwenye leseni. Mtihani wa kioo, bure na una maana.

Kilichoharibika ni kwamba baada ya kupata sababu ya kuchelewa, waliitibu kwa ratiba ya jua. Grisi ilioshwa, praima zilizochomoza zilitengwa, hizo zilitibiwa kweli. Ule ugonjwa wa baruti kuchelewa kuwaka ulibaki ndani ya kila ganda, hakuna kitambaa cha kuuondoa. Kusema "mchana zitawaka" ni kweli, lakini uwindaji wenyewe unafanyika alfajiri, pofu hasubiri saa nne. Halafu zile risasi mbili tatu za mchana zilizotoka vizuri zikawapa watu imani ambayo hazikuwa na haki ya kuitoa. Bingwa angesema tu kwamba mzigo ule hautumiki kwa mnyama yeyote, Mgeni angenuna jioni moja.

Na Mgeni kumlaumu mwenye kiwanda kabla ya kufungua daftari lake, hilo nalipita haraka, kila mjazaji anafanya.

Wanavyofanya sasa kwenye hiyo kambi

Fomu ya mgeni kabla hajapanda ndege imeongezwa maswali. Kama risasi ni za kujaza mwenyewe anaandika aina ya baruti, chapa na aina ya praima, na joto la siku aliyozijaribu, tena wanaomba awe amezijaribu baadhi zikiwa zimelala kwenye friji usiku mmoja na nyingine zikiwa za moto. Anaombwa alete angalau maboksi mawili ya kiwandani ya katriji hiyohiyo kama akiba. Bolti anaagizwa aje nayo kavu.

Kioo kile cha sebuleni Mufindi wenyeji wamekirudisha mezani kwao, kambi imenunua kipande chake dukani Mafinga, kinakaa kwenye chumba cha silaha. Kijana ndo anasimamisha risasi za kila mgeni siku ya kwanza, za kiwandani pamoja, na juzi kati alikuta moja inacheza kwenye boksi jipya.